Bando Limeisha, Salio Nalo Limeenda Wapi?

Ijumaa moja jioni nilipanda matatu pale Muthurwa, nikapata kiti cha dirishani, nikaweka kredo ya shilingi 500. Nilikuwa na simu tatu za kupiga ushago kuhusu mahari ya binamu yangu, na mambo ya mahari hayaongelewi kwa dakika mbili. Nikaona kwanza nitazame video aliyotuma mtu kwenye kundi la familia. Msongamano wa kuelekea Jogoo Road ulikuwa ule wa kila mwisho wa wiki. Hatujafika hata City Stadium, nikafunga WhatsApp nikampigia mjomba. Sauti ya mwanamke ikaniambia kwa upole kwamba sina salio la kutosha kupiga simu hiyo. Nikaangalia: shilingi 3.27. Nusu dakika baadaye ukaingia ujumbe wa kunijulisha kwamba bando langu limeisha.

Pesa iliondoka kwanza, taarifa ikafuata. Mpangilio huo una sababu zake, na nitazieleza, lakini siku ile nilifanya anachofanya kila Mnairobi: nikasema nimeibiwa. Nilipowapigia wahudumu wa mtandao wangu usiku ule, kijana aliyepokea akaniambia, "Ndugu mteja, hapa naona ni matumizi ya data nje ya bando." Nikamuuliza maana yake. Akairudia sentensi ileile, pole pole zaidi.

Maana yake ni hii. Laini ya kulipia kabla ina vyombo viwili, na wengi wetu hudhani ni kimoja. Kuna salio, yaani zile shilingi ulizoweka. Kuna na bando, ambalo si pesa tena bali ni MB au GB (GB 1 ni kama MB 1,000) ulizokwisha kuzinunua. Bando likiisha, mtandao hauzimiki wenyewe. Kama hakuna aliyeuambia usimame, unageukia chombo cha pili na kuendelea kuchota, ila sasa unachota kwa bei nyingine kabisa.

Anayeishi Eastlands ataelewa haraka. Mabomba yakikauka, tunanunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, na mtungi huo unafua, unapika na kuogesha watoto. Maji ya chupa yanayouzwa kwenye foleni ya magari ni maji pia, lakini hakuna mwenye akili timamu anayefua nayo. Sasa fikiria umeinama kwenye karai, mtungi umekauka, na mtu asiyeonekana anakumiminia chupa moja baada ya nyingine huku akichomoa noti mfukoni mwako. Nguo zinatakata vizuri tu. Ukiinuka ndipo unajua.

Tupige hesabu. Bei hutofautiana kati ya mtandao na mtandao, na hubadilika, kwa hiyo tuchukue mfano tu: GB 1 ya bando kwa shilingi 100, na matumizi ya nje ya bando kwa shilingi 4 kwa kila MB. Ndani ya bando, MB moja inakugharimu senti 10. Nje ya bando, mara 40 ya hapo. Zile shilingi 497 zilizonitoka zingekuwa MB 124 hivi. MB hizohizo ndani ya bando zingenigharimu shilingi 12 na senti kidogo.

Na MB 124 si kitu. Hapa ndipo watu hubisha: "Sikukaa kwenye intaneti hata dakika tano!" Tatizo ni kwamba kasi ya mtandao hutangazwa kwa megabiti, na bando huuzwa kwa megabaiti, yaani MB. Baiti moja ni biti 8. Simu inayopokea megabiti 10 kwa sekunde, kasi ambayo 4G huifikia bila jasho, inavuta MB 1.25 kila sekunde. Gawanya 124 kwa 1.25, unapata sekunde 99. Simu iliyoachiwa njia wazi inaweza kumaliza shilingi 500 kabla matatu haijasogea magari matatu mbele. Enzi za 2G hili lisingewezekana hata ungetaka, kwa sababu mtandao wenyewe ulikuwa unajikokota. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo muda wa kugundua kosa unavyopungua, na hili sijaliona kwenye tangazo lolote la kasi.

Kwa nini basi ujumbe wa onyo unafika umechelewa? Mtandao hauhesabu data yako tone kwa tone. Mtambo unaopitisha data huomba ruhusa kwa mtambo unaoshika hesabu: mteja huyu nimpe kiasi gani? Mtambo huo unapewa kipande, tuseme MB kadhaa. Kikiisha unarudi kuomba kingine. Kila ukirudi, mtambo wa hesabu unaangalia: bando lipo? Kata hapo. Halipo? Angalia salio. Kama mlango wa salio uko wazi, kipande kinachofuata kinakatwa kwenye pesa, na mazungumzo hayo yote yanaisha kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Ujumbe wa kukujulisha ni kazi ya mtambo mwingine, unaopanga ujumbe wako kwenye foleni pamoja na za wateja wengine. Makato ni ya papo hapo, taarifa inapanga foleni. Sioni hila katika ujenzi huo, kwa kweli ndivyo mitambo ya namna hii inavyofanya kazi. Hila, kama ipo, iko kwenye swali lingine: nani aliamua kwamba mlango wa salio uwe wazi tangu mwanzo?

Nitalirudia swali hilo. Kwanza tuone ni nani hasa anayekunywa maji hayo, maana mara nyingi si wewe.

Simu ya leo haitulii. Programu zinajisasisha zenyewe, picha ulizopiga harusini zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, WhatsApp inashusha kila video ya kundi la chama hata ile ambayo hutaifungua kamwe. Programu za video fupi ni walafi zaidi, kwa sababu hupakua video zinazofuata kabla hujazifikia, ili kidole kikiteleza usisubiri. Ukitazama mbili na kufunga, huenda umelipia tano. Kwa filamu, Netflix yenyewe hukadiria GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa picha angavu. Ukiacha ubora ujichagulie wenyewe, mtandao ukiwa mzuri utachagua juu.

Halafu kuna kompyuta. Ukiwasha hotspoti ya simu na kuunganisha laptopu, laptopu haijui kwamba unalipa kwa kipimo. Inaona Wi-Fi, inafurahi, inaanza kushusha masasisho ya Windows yaliyokuwa yakingoja wiki tatu. Rafiki yangu mmoja alipoteza bando la mwezi mzima kwa usiku mmoja namna hiyo, pale Githurai, akiwa amelala. Windows 10 na 11 zina swichi kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kuiambia kompyuta kwamba muunganisho huu unapimwa. Ukiiwasha, masasisho makubwa husubiri. Swichi hiyo huwashwa kwa kila muunganisho peke yake, kwa hiyo simu mpya ikileta hotspoti mpya, kazi inaanza upya.

Wenye Wi-Fi nyumbani nao wasicheke. iPhone tangu mwaka 2015 ina kipengele kinachohamia data ya laini kila Wi-Fi ikilegea, na huja kikiwa kimewashwa. Simu nyingi za Android zina chao cha kufanana. Ruta iko sebuleni, wewe uko chumba cha nyuma chenye kuta za mawe, alama ya Wi-Fi inafifia, simu inakuonea huruma na kuhama. Unaendelea kutazama ukijua uko kwenye mtandao wa nyumbani.

Lakini mtego ambao naamini unawanasa Wanairobi wengi kuliko wanavyojua ni wa laini mbili. Nusu ya watu ninaowafahamu wana laini moja ya M-Pesa na simu, na nyingine ya data kwa sababu bando lake ni rahisi. Kwenye simu za laini mbili kuna mpangilio unaoruhusu data kuhamia laini ya pili, kwa mfano unapozungumza kupitia laini hiyo ya pili. Ni msaada mzuri kama laini zote mbili zina bando. Kama ya pili haina, simu yako inaingia moja kwa moja kwenye salio la laini ambayo hukuwahi kuifikiria kuwa ya data. Na wewe ukiangalia bando la laini ya kwanza, liko palepale, zima. Watu wa namna hii ndio huapa kabisa kwamba wameibiwa, na huwezi kuwalaumu.

Saa nayo ina ujanja wake. Bando la "siku moja" linaweza kuwa la saa 24 tangu uliponunua, au la hadi usiku wa manane. Ukinunua hilo la pili saa 4 usiku, umenunua saa mbili tu. Ujumbe ukisema 23:59, hiyo ni saa 5 na dakika 59 usiku, na nimewahi kumwona mtu mzima, tena mwalimu, akihesabu kwenye vidole. Mabando ya saa moja ndiyo makali zaidi. Unapewa GB 1 kwa bei ya chai na mandazi, unatumia MB 300, dakika ya 60 inafika ukiwa katikati ya mechi, zile MB 700 zinafutika, na mechi inaendelea kwa salio. Bando lako halikuisha kwa kutumiwa. Liliisha kwa saa. Kwa mlango ule wa salio, hakuna tofauti.

Hili la muda ndilo lililofika mbele ya sheria. Mwaka 2019 wakili mmoja alipeleka malalamiko kwenye baraza la rufaa la mawasiliano, akipinga data kuisha muda. Oktoba mwaka huohuo Safaricom ikazindua mabando yasiyo na tarehe ya mwisho, na leo kununua data isiyooza ni jambo la kawaida nchini. Ni hatua. Ila kwa kawaida MB zake ni ghali kuliko za bando la siku, na zinatatua tatizo la saa peke yake. Zikitumika zikaisha, swali la mlango linabaki lilivyokuwa.

Haya, mlango. Kampuni zina hoja yao na si ya kipuuzi. Fikiria ni tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, uko kwenye iTax ukurasa wa mwisho, bando linakatika. Je, ungependa utupwe nje uanze upya, au ungependa shilingi nane zikatwe umalize? Mimi ningelipa hizo nane nikishangilia. Shida ni kwamba mtandao haujui kutofautisha ukurasa wa iTax na video ya mbuzi anayecheza densi. Ukifungua mlango kwa kimoja, umefungulia vyote, pamoja na masasisho ya programu ambayo hata hukuyaona.

Kwa hiyo naona jibu la haki ni kuuliza. Bando likiisha, simamisha, tuma swali, mteja achague. Umoja wa Ulaya ulifika hapo zamani kwa wasafiri wanaotumia data nje ya nchi zao: tangu Julai 2010 mtandao unapaswa kukata data gharama ikifika euro 50, isipokuwa mteja mwenyewe amesema iendelee, na kumwonya akifika asilimia 80. Waliona bili za maelfu ya euro zikiwafikia watu waliokwenda likizo ya wiki moja. Kwao tatizo lilikuwa bili ya mwisho wa mwezi. Sisi wengi tunalipa kabla, kwa hiyo hasara yetu ina kikomo: haiwezi kuzidi kilichomo kwenye salio. Labda ndiyo maana kelele zetu hazifiki mbali. Mtu aliyepoteza shilingi 80 hapigi simu kwa wakili, ananunua nyingine. Wenye laini za kulipia mwisho wa mwezi wako hatarini zaidi, na wanachohitaji kuomba ni kikomo cha matumizi kiandikwe kwenye laini yao.

Ukiwa Namanga au Busia, ongeza jambo moja. Simu hufuata mnara wenye nguvu, na mnara haujui mpaka. Inawezekana kabisa umesimama upande wa Kenya ukala data ya jirani kwa bei ya ugenini. Zima data ya kuzurura nje ya nchi (roaming) kwenye mipangilio, uiwashe siku unayosafiri kweli.

Intaneti ya nyumbani ya nyaya, kwa upande mwingine, kwa kawaida haina ugonjwa huu. Ukivuka kiwango walichoweka, hukatwi pesa, unapunguziwa kasi. Kero ndiyo, lakini kero isiyogusa mfuko. Sijaelewa kwa nini laini ya simu isingeweza kufanyiwa vivyo hivyo kila mahali.

Sheria yetu haiko kimya. Kanuni za kulinda wateja wa mawasiliano za mwaka 2010 zinampa mteja haki ya kupewa maelezo wazi na kamili kuhusu bei na masharti, haki ya kutozwa kwa huduma alizojiunga nazo tu, na haki ya kupata bili sahihi inayoeleweka. Ile ya pili naipenda sana. Je, kuacha data ikiwa imewashwa ni "kujiunga" na huduma ya shilingi kadhaa kwa MB? Kampuni itasema masharti uliyakubali siku uliyosajili laini. Mimi ninasema mtu aliyenunua GB 1 alionyesha wazi kiasi anachotaka kulipa. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe. Ukikosa jibu la kuridhisha, unaenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi ziko Waiyaki Way. Ukienda mikono mitupu hutafika mbali. Uwe na tarehe na saa, ujumbe wa kununua bando, ujumbe wa kuisha, na picha ya ukurasa wa simu unaoonyesha kila programu imekula data kiasi gani. Ukurasa huo uko kwenye mipangilio ya kila simu ya kisasa na ndio shahidi pekee asiyelipwa na upande wowote.

Kabla ya kulalamika, hakikisha pia si kitu kingine kilichokula salio. Huduma za ujumbe ulizojiunga nazo bila kukusudia, utabiri wa mechi na nyimbo za kusubirisha wapigaji, hukata kidogo kidogo kila siku, na wengi huzihesabu kama data.

Na mkopo wa salio! Unakopa 50 upige simu ya dharura, ada ya asilimia 10 inaingia hesabuni, data iko wazi, programu sita zilizokuwa na kiu zinaamka pamoja. Kabla hujatafuta namba, mkopo umekwisha kuliwa na deni limebaki. Zima data kwanza, ndipo ukope. Mpangilio huo tu wa vidole viwili umeniokolea zaidi ya ushauri wote niliowahi kusoma.

Mitandao mingine ina sehemu ya kufunga matumizi ya nje ya bando, kwenye programu yao au menyu ileile unayonunulia data. Wiki moja baada ya kisa cha mahari nilikuwa kibandani kwa mama anayeniuzia mboga mtaani, nikimwelekeza kwa majivuno jinsi ya kuitafuta sehemu hiyo. Alinisikiliza huku akikata sukuma, kisha akafuta kisu kwenye leso.

"Mimi hiyo haina shida na mimi," akasema. "Siweki kredo."

Nikamuuliza anapigaje simu. Akasema pesa zake zinakaa M-Pesa. Akitaka data ananunua bando moja kwa moja kutoka huko, akitaka kuongea ananunua dakika vilevile. Chombo cha pili hakiwekwi kitu kamwe, kwa hiyo bando likiisha, simu inakauka, ananunua jingine akitaka, asipotaka anasubiri jioni. Mpangilio huo ameutumia miaka kadhaa na hajawahi kuingia kwenye menyu yoyote.

"Angalia," akaniambia, akinisogezea simu yenye kioo kilichopasuka kona. Salio: 0.00. "Sasa wataniibia nini? Sukuma ya ngapi?"

"Ya 20, mama," nikamwambia.